Pistoni ya kusubu na gesi ya nitrasi

Gesi ya nitrasi huingizwa kwenye injini ili kuiongezea nguvu; swali ni kama pistoni ya kusubu itaivumilia. Pistoni hiyo imetokana na aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kama mafundi wa Lubumbashi wanavyosubu sufuria. Magari mengi ya mtumba yanayoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, yana pistoni hizo. Pistoni ya kufuliwa hukandamizwa na mashine aluminiamu ikiwa haijayeyuka, kwa hiyo madini yake hushikana zaidi.

Gesi hiyo, nitrasi oksaidi, yenyewe haiwaki. Ndani ya mtungi ni kimiminika chenye mgandamizo wa baa 50 hivi. Kwenye joto la silinda huvunjika na kuachia oksijeni. Asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, wakati hewa ina 23 tu. Oksijeni hiyo inadai petroli zaidi, na anayefungua gesi bila kuongeza petroli ndiye anayeua injini.

Kwa kawaida moto hutambaa kutoka kwenye bujia, yaani plagi inayotoa cheche, mpaka pembeni mwa silinda. Petroli ikipungua, au cheche ikiwahi mno, mchanganyiko uliobaki pembeni hujilipukia wenyewe kwa mpigo mmoja. Hali hiyo ndiyo mafundi huiita kugonga. Utasikia kama kokoto ndani ya kopo. Pistoni ya kufuliwa huvumilia kidogo. Ya kusubu hukatika kama kigae, hasa ule ukingo mwembamba kati ya ringi, zile bangili za chuma zinazoizunguka pistoni, tunazoziita segma.

Basi kipimo cha gesi kiwe kidogo. Kwa injini ya kawaida ya silinda nne yenye lita mbili, mimi nisingeongeza kwa gesi zaidi ya nguvu za farasi 50, na cheche ningeichelewesha nyuzi mbili hivi za mzunguko wa injini. Gesi ifunguke mguu ukiwa umekanyaga mafuta mpaka mwisho, injini imepita mizunguko 3,000 kwa dakika. Weka bujia ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, na petroli yenye okteni ya juu, isiyojilipukia upesi. Pengo kati ya ncha mbili za segma wengi hawaliangalii, nami naliona kubwa kuliko yote: joto likizidi segma hurefuka, ncha zake zikikutana zinang'oa kichwa cha pistoni.

Tena, jua la Oktoba likipasha mtungi, mgandamizo hupanda na gesi huingia nyingi kuliko ulivyopima, huku petroli ikibaki ile ile. Usiuache juani, wala usiupashe kwa moto.

Baada ya kila jaribio toa bujia uitazame kwenye mwanga. Ukiona vidoa vinavyong'aa kama fedha juu ya kauri yake, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Funga mtungi, fungua injini.