Usukani wa kujitengenezea: ujaribu nchi kavu kabla ya kuutia baharini

Mashua ndogo zinazoletwa kwenye karakana yetu baada ya kupoteza usukani mara nyingi zinafanana kwa jambo moja: ubao ni mzima. Kilichokatika ni bawaba, au parafujo zilizoishika bawaba kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua. Nalitanguliza hili kwa sababu anayejitengenezea usukani nyumbani huanza na ubao, akakaa siku tatu akiupiga randa na msasa, halafu bawaba akazifunga jioni moja kwa parafujo za mlangoni.

Tupige hesabu kidogo. Chukua usukani ambao sehemu yake inayozama ina upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 40. Mashua ikienda kilomita 9 kwa saa, nawe ukakata kona kwa nguvu, maji huusukuma ubao huo kwa uzito wa kilo 25 hivi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, uzito huo huongezeka mara nne. Wakati wa kusi, wimbi likikubeba kwa nyuma, mwendo hupanda ghafla kuliko unavyodhani.

Tena mzigo huo haukai kwenye bawaba, uko chini yake. Tuseme uko sentimita 30 chini ya bawaba ya chini. Bawaba zako mbili zikiachana sentimita 15, ile ya chini inabeba kilo 75. Ukiziachanisha sentimita 30, inabeba 50. Ubao ni uleule na maji ni yaleyale, lakini bawaba imepunguziwa theluthi ya kazi. Kwa hiyo ziachanishe kadiri tezi inavyoruhusu, na uzifunge kwa bolti zinazotokeza hadi ndani, zikikaziwa juu ya kipande cha mbao ngumu. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kukuchongea bawaba za stenlesi. Usichanganye shaba na chuma cha kawaida mahali pamoja, maana kwenye maji ya chumvi chuma kitaliwa haraka.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: mbao inaelea. Nimewahi kuwa ndani ya mashua karibu na Mbudya, wimbi moja likainua tezi, nikahisi kana, ule mti wa kugeuzia usukani, imekuwa nyepesi mkononi. Kugeuka, nauona usukani unaelea mita chache nyuma yetu. Pini za bawaba zilikuwa zimechomoka kwenye pete zake kwa kwenda juu tu, hakuna kilichovunjika. Tulirudi Kunduchi kwa kasia, na tulifika tumechoka sana. Toboa ncha ya pini, pitisha waya mgumu uukunje, kisha ufunge usukani kwa kamba kwenye mashua.

Ubao wenyewe sitaukalia sana. Gundisha plaiwudi ya baharini kwa epoksi, gundi isiyopitisha maji, hadi upate unene wa sentimita 3. Upande wa mbele uwe wa mviringo, wa nyuma uchongoke, na unene mkubwa zaidi uwe sentimita 7 au 8 kutoka mbele. Ubao bapa wenye kingo za mraba hutibua maji, na usukani hufa mkononi pale hasa unapouhitaji.

Sasa jaribio lenyewe la nchi kavu, kwa ndoo za maji. Funga usukani kwa bawaba zake zenyewe kwenye nguzo imara, ubao ukiwa umelala kama meza, na uizuie kana isizunguke. Zungusha mkanda wa kamba katikati ya sehemu itakayozama. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 na ushee. Tundika moja, subiri dakika kumi, tundika ya pili, kisha ya tatu. Hapo umepita kilo 60, zaidi ya mara mbili ya mzigo wa ile kona. Weka miguu yako mbali na usikilize. Kabla ya kuanza, simamisha fito kando ya ncha ya ubao na utie alama ya penseli. Ukiondoa ndoo na ncha isirudi kwenye alama, kuna kitu kimelegea au kimepasuka ndani. Geuza, urudie upande wa pili.

Baharini nenda asubuhi, upepo haujapanda, maji yakiwa yanajaa ili hitilafu ikitokea usivutwe nje. Soma kwanza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Vaa jaketi la kujiokolea, chukua kasia. Nenda moja kwa moja, kisha piga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, pande zote mbili. Kana ikitetemeka, ukingo wa nyuma bado ni mnene. Ukilazimika kuivuta muda wote ili mashua isigeukie upepo, usiulaumu usukani kwanza, jaribu kusogeza tanga mbele kidogo. Wala usiigeuze kana kupita nyuzi 30 hivi, kwa sababu kuanzia hapo usukani unakuwa breki.

Kama chombo chako kinabeba abiria, mwonyeshe mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, usukani huo mpya kabla ya kurudi kazini.

Ukishafika ufukweni, shika ncha ya chini ya usukani uitikise. Bawaba ikigonga, kaza bolti na urudi kwenye ndoo.