Jaketi la Ngozi Mombasa: Adui ni Unyevu, Si Ukavu

Mashauri mengi ya kutunza jaketi la ngozi yametoka nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto miezi mingi na hewa ya ndani huwa kavu mpaka ngozi ikapasuka. Mombasa ni kisiwa. Wastani wa unyevu wa hewa hapa huzidi asilimia 70 karibu mwaka mzima, na hicho ndicho kiwango ambacho kuvu huanza kustawi juu ya ngozi. Dawa za huko zikifuatwa huku bila kufikiriwa, huliua jaketi. Yapo na mashauri mengine yanayosikika huku; haya hapa baadhi yake, na kosa la kila moja.

"Jaketi kuukuu lipake mafuta ya nazi, litapata uhai." Hili linaniuma kuliko mengine, kwa kuwa mafuta ya nazi yamo kila nyumba na anayeyapaka ana nia njema. Ngozi hutiwa mafuta yake tangu kiwandani. Ukiongeza ya jikoni yanazama ndani, rangi inapiga weusi kwa mabaka, ngozi inalegea, vumbi linanata, na kuyatoa tena ni kazi ngumu sana. Tumia krimu ya ngozi, kidogo sana, kwa kitambaa laini, na pale tu unapoikunja ngozi ukahisi imekauka. Ikiwa bado laini, iache. Polishi ya viatu nayo si ya jaketi: itahamia kwenye shati na viti vya matatu.

"Likiota kuvu, lianike juani." Jua hupausha rangi, na ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa joto kali nyuzi zake hujikaza, ikakakamaa. Litoe nje penye upepo na kivuli, ulipanguse kwa kitambaa kikavu huko huko nje ili kuvu isisambae chumbani. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevunyevu wa spiriti na maji, nusu kwa nusu, baada ya kujaribu kwanza chini ya ukosi kuona kama rangi inatoka. Litundike kivulini likauke kabisa. Kabati nalo lipanguse, hasa msimu wa masika, maana kuvu ikibaki kwenye mbao jaketi litaota tena hata ulisafishe vipi.

"Lifunike nailoni lisipate vumbi." Nailoni hufungia unyevu ndani. Leso kuukuu ya pamba inatosha, na kiango kiwe kipana mabegani.

"Limejaa jasho, liloweke kwa sabuni." Anayeendesha bodaboda kutwa nzima anajua harufu hiyo. Lakini mara nyingi kinachonuka ni bitana. Ligeuze nje ndani, upanguse bitana kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, makwapani na shingoni zaidi, uliache lipigwe na upepo. Jasho likikauka huacha chumvi, kwa hiyo usingoje mpaka mistari myeupe ijitokeze kwenye ngozi. Ngozi iliyotengenezwa ina tindikali kidogo, ilhali sabuni ya mche ina ukali wa magadi. Ukiloweka, unayaondoa hata mafuta yake. Mashine ya kufulia humalizia kazi hiyo. Zipu ikishikwa na chumvi ya hewa ya bahari, isugue kwa mshumaa.

"Linabanduka magamba kwa kukosa mafuta." Ngozi halisi huchakaa, huchubuka, hupasuka, lakini kwa kawaida haibanduki utando mwembamba ukaacha kitambaa kinaonekana. Linalofanya hivyo ni la poliurethani, plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na unyevu huivunja taratibu hata jaketi likikaa kabatini bila kuvaliwa. Hakuna krimu itakayolirudisha. Kwa hiyo unapochagua mitumba sokoni Kongowea, usidanganywe na mng'aro wala harufu: funua pindo la ndani au tundu la kifungo, utazame ukingo uliokatwa. Ukiona nyuzi zilizosokotana zenyewe kwa zenyewe, ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, bei iwe ya kitambaa.