Kisukari na usahaulifu: nani yuko hatarini zaidi?

Dhana: "Sukari yangu ya asubuhi iko sawa, basi ubongo hauna neno."

Mwaka 2013 ilitoka njia ya kukadiria ni nani, kati ya wenye kisukari cha aina ya pili wa miaka 60 na zaidi, atapata demensia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) ndani ya miaka 10. Ilitungwa kwa rekodi za wagonjwa karibu 30,000 wa California. Yaliyopewa alama ni umri, elimu, kuharibika kwa macho au figo, mguu wa kisukari, kiharusi, ugonjwa wa moyo, sonona, na sukari kuwahi kupanda au kushuka hadi ikawa dharura. Kiwango cha sukari chenyewe hakimo! Si kwamba hakina maana. Ila namba ya leo inaeleza leo, na kidonda cha mguu kisichopona kinaeleza mishipa imeteseka miaka mingapi.

Dhana: "Alama zikiwa nyingi, ndiyo basi."

Waliokuwa na alama chache kabisa, hatari yao ilikadiriwa asilimia 5. Wa juu kabisa, 73. Hata huko juu, katika kila watu 100, 27 hivi hawakutarajiwa kuipata, na hakuna hesabu inayoweza kukuambia wewe ni yupi. Umri nao unabeba alama nyingi, na umri haupunguzwi. Mimi ningetazama yale mengine.

Dhana: "Nikiibana sukari chini kabisa, akili itabaki salama."

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Utafiti wa ACCORD MIND wa mwaka 2011 ulilinganisha waliobana sana sukari na waliotibiwa kwa kawaida. Baada ya miezi 40, vipimo vya kumbukumbu na kufikiri havikuonyesha tofauti. Katika utafiti mwingine, wazee wenye kisukari waliowahi kukimbizwa hospitali mara tatu au zaidi kwa sukari kushuka, hatari yao ya demensia ilikaribia mara mbili. Na mambo haya yanazunguka: kalamu ya insulini iko mezani, mzee hakumbuki kama ameshachoma, anachoma tena, sukari inaporomoka.

Dhana: "Kusahau ni uzee tu, hakuna cha kupima."

Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri kipimo cha kila mwaka kuanzia miaka 65. Kimojawapo ni cha dakika chache: unapewa maneno matatu uyashike, unachora saa, kisha unaulizwa maneno yale. Mara nyingi unaambiwa uchore saa tano na dakika kumi (kwetu wazungumzaji wa Kiswahili ni mtego kidogo, maana mshale mfupi unakwenda kwenye 11). Anayeshindwa bado hajaambiwa ana demensia. Sonona, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, au upungufu wa vitamini B12, ambao metformin, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuuleta, vyote husahaulisha, na vyote vina tiba.