Injini, gurudumu, chumvi: dhana potofu kuhusu kinachobadilisha jamii

Dhana: James Watt alibuni injini ya mvuke, dunia ikabadilika.

Watt hakuwa amezaliwa mtambo wa Thomas Newcomen ulipoanza kuvuta maji migodini Uingereza mwaka 1712. Mvuke ulijaa kwenye silinda chini ya pistoni, kisha maji baridi yakanyunyiziwa humo humo. Mvuke uligeuka maji, ombwe (nafasi tupu isiyo na hewa) likabaki, na kanieneo, yaani msukumo, ya hewa ya nje ikaishusha pistoni. Kasoro yake ni kwamba silinda ilipozwa na kupashwa moto upya kila pigo, hivyo makaa mengi yaliishia kupasha chuma tu. Kwa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya 1769, Watt alihamishia upoozaji kwenye chombo cha pembeni, silinda ikabaki na joto lake muda wote.

Sasa tazama nani alinunua. Kwenye migodi ya makaa ya mawe, ambako makaa yasiyouzika yalikuwa bwerere, mitambo ya Newcomen iliendelea kutumika kwa miongo mingi. Soko la Watt lilishamiri Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye machimbo ya shaba na bati, ambako makaa yaliletwa kwa meli. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton walitoza theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Pasipo makaa ghali, hapakuwa na cha kutoza.

Dhana: wasiotumia magari ya magurudumu hawakulijua gurudumu.

Mexico ya kale imefukuliwa vinyago vya udongo vya wanyama wenye magurudumu. Kilichokosekana ni mnyama wa kukokota. Kule kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, alikuwepo lama, mnyama wa jamii ya ngamia, lakini yeye hubeba kama kilo 25 hadi 30 mgongoni, hakokoti. Barabara za Wainka, watawala wa kale wa milima hiyo, zilipanda milima kwa ngazi za mawe: nafuu kwa miguu, kikwazo kwa gurudumu.

Dhana: mashamba ya kale yalikufa kwa ukame tu.

Kusini mwa Mesopotamia (Iraq ya leo), maji yenyewe yalichangia. Maji ya mto hubeba chumvi kidogo; jua likiyakausha, chumvi hubaki. Ukimwagilia kupita kiasi bila mitaro ya kutolea maji, maji ya ardhini hupanda na kuileta chumvi kwenye mizizi. Ngano hushindwa mapema, shayiri huvumilia zaidi. Kuongeza maji bila mitaro huzidisha tatizo.

Dhana: falsafa ni maneno ya wasomi tu.

Kati ya 1405 na 1433 Zheng He, jemadari wa majini wa China, aliongoza safari saba za baharini, nyingine zikafika hadi pwani ya Afrika Mashariki. China haikuziacha kwa kukosa meli. Maofisa wafuasi wa Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, waliziona ni ubadhirifu katika dola inayotegemea kilimo. Anayesema ni falsafa peke yake naye anakosea: mji mkuu ulikuwa umehamia Beijing tangu 1421, karibu na Wamongolia, na ulinzi wa kaskazini nao ulidai fedha.