Mandolini ya umeme ya bei nafuu: anza na nyuzi

Kwaya nyingi hapa Arua, Uganda, hupiga adungu (kinubi cha kienyeji), kinanda, gitaa la besi na ngoma. Mandolini ya kawaida, kile chombo kidogo cha nyuzi kinachofanana na gitaa, ukiiweka katikati ya hivyo vyote haisikiki. Ndiyo maana vijana huja karakana kwangu wakiuliza, "Fundi, pesa yangu si nyingi, ninunue mandolini ya umeme ya aina gani?" Nami huwauliza kwanza: uzi ukikatika Jumamosi jioni na ibada ni kesho asubuhi, utapata mwingine wapi?

Seti ya nyuzi za mandolini ni adimu huku kwetu. Nyuzi za gitaa la umeme zinapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kununua mandolini ya nyuzi nne, yenye mwili wa mbao ngumu usio na uwazi ndani, na inayopokea nyuzi zenye kishanga mwishoni kama za gitaa. Mandolini nyingi za kawaida hutaka nyuzi zenye kitanzi, kwa hiyo geuza chombo utazame zinaposhikwa kabla hujatoa pesa. Ukiwa na seti ya gitaa ya namba 10 hadi 46 (namba ni unene wa uzi), unachukua 10 kwa uzi wa E, 13 kwa A, 26 kwa D na 36 kwa G. Ya 13 italegea kidogo kuliko mpigaji mkali angependa, lakini inapiga vizuri, na bado unabaki na nyuzi mbili za kumpa mpiga gitaa wenu.

Wengi husita wakisikia nyuzi nne. Wanasema mandolini halisi ina nane, mbili mbili. Ni kweli, na ule mng'ao wa nyuzi pacha siubezi hata kidogo. Lakini Fender, watengenezaji wa magitaa wa Marekani, walitoa mandolini ya umeme ya nyuzi nne mwaka 1956, na U. Srinivas wa India alipiga muziki mzito wa Karnataki, ule wa jadi wa kusini mwa India, kwa mandolini ya umeme yenye nyuzi tano, moja moja. Tena nyuzi nane kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. Kwenye chombo cha bei ya chini, chenye vigingi hafifu, utatumia nusu ya mazoezi ukikaza na kulegeza.

Jambo la pili ni pikapu, kile kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Kuna kijana aliniletea mandolini ya umeme aliyoinunua imeshatumika. "Fundi, G na D zimekufa," akaniambia, "nadhani waya umekatika ndani." Nikaichomeka. E na A zililia hadi mtaani, G na D zikanong'ona tu. Nikapitisha kidole juu ya uzi wa G, nikaona rangi ya dhahabu iliyofifia: shaba nyeusi. Pikapu ya sumaku husikia chuma. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, ndipo umeme mdogo unapozaliwa kwenye koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake. Shaba nyeusi iliyozungushwa juu ya uzi haivutwi na sumaku, kilichobaki ni kile kiini chembamba cha chuma ndani. Nilifunga nyuzi za gitaa la umeme zilizozungushwa chuma chenye nikeli, na zote nne zikaamka. Waya haukuwa na kosa lolote.

Aina nyingine ni piezo, inayokaa kwenye daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili) na kusikia mtikisiko wenyewe. Hiyo haijali uzi ni wa nini, na mara nyingi utaikuta kwenye mandolini yenye uwazi ndani. Ukipiga peke yako au na sauti mbili tatu, ni tamu sana. Ukikaa karibu na spika kubwa, tumbo la chombo linadaka sauti na spika inapiga mluzi. Pia inahitaji priampu, kifaa kidogo cha kuikuza sauti kwanza. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), sauti hutoka nyembamba, kavu, kama mtu anayegonga sahani.

Ukienda kununua, beba rula. Pima kutoka kile kifupa cha juu ya shingo hadi freti ya 12 (freti ni vile vipau vya chuma kwenye shingo), kisha kutoka freti hiyo hadi daraja. Kipimo cha pili kizidi cha kwanza kidogo sana tu. Uzi wa mandolini una urefu wa kama sentimita 35, karibu nusu ya ule wa gitaa, kwa hiyo milimita moja hapa hudhuru mara mbili. Kama daraja linasogezwa, kosa hilo si la kukufukuza. Kama limegandishwa mahali pabaya, rudisha chombo, hata kiwe kinang'aa namna gani. Rangi sijali.

Ukiagiza kutoka nje, weka pembeni pesa ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahia bei uliyoiona kwenye simu. Na ubakize ya fundi: kushusha nyuzi, kusawazisha freti, kuweka daraja sawa. Nimeona mandolini ya bei ya chini kabisa iliyotengenezwa hivyo ikipigwa saa nne mfululizo kwenye harusi huko Nebbi, kando ya adungu tatu, na mpigaji hakusimama kukaza uzi hata mara moja.