Mimba hewa ya mbwa: ni nini, inatoka wapi na ufanyeje

Mimba hewa ni pale mbwa jike anapoonyesha dalili zote za kuwa na mimba au kuwa amezaa, tumbo limejaa kidogo, chuchu zimevimba, maziwa yanatoka, anajitengenezea malazi na kulea kitu, na huku tumboni hamna mtoto hata mmoja. Wengine wanaita mimba ya uongo, ni hiyohiyo. Inawapata majike ambao hawajatolewa kizazi, na mara nyingi inajitokeza wiki 6 mpaka 8 baada ya joto, yaani kile kipindi anachotaka dume, saa nyingine inachelewa mpaka wiki 12, yaani wakati ambao wewe mwenye mbwa umeshasahau kabisa kama aliwahi kuwa kwenye joto.

Nimeona niliandike hili sababu hapa Dodoma mbwa ni wengi, ukipita Nzuguni, Nkuhungu, Ipagala, kila nyumba inayojengwa ina mbwa wa ulinzi, na mimba hewa ikija watu wanaitafsiri wanavyojua wao. Wapo wanaosema karogwa, wapo wanaomfunga mnyororo kwa kuwa amekuwa mkali, wapo wanaokimbilia duka la dawa za mifugo wanauziwa sindano ya OTC, ambayo ni antibayotiki, na hapa hakuna mdudu wa kuuawa. Mnyama anateseka bure na hela inaenda bure.

Sasa inatoka wapi. Mbwa jike anaingia joto kila baada ya miezi 6 au 7 hivi, wengine huchelewa zaidi ya hapo. Mayai yakishatoka, kwenye ovari panabaki sehemu inayotengeneza homoni inaitwa projesteroni, hiyo ndiyo inayotunza mimba. Ng'ombe asiposhika mimba hiyo homoni inashuka mapema na ndani ya siku 21 hivi anarudi kwenye joto, wafugaji wote wanalijua hilo. Mbwa hayuko hivyo. Mbwa awe amepandwa au hajapandwa kabisa, projesteroni yake inakaa juu karibu miezi 2, ambao ni karibu muda uleule wa mimba yenyewe maana mbwa anabeba siku 63 hivi. Mwishowe inashuka, na ikishuka inapanda nyingine, prolaktini, na kazi ya prolaktini ni kuleta maziwa na kuamsha ile hali ya kulea. Kwa hiyo mwili hauna kosa lolote, unafuata kalenda yake, na kila jike ambaye hajatolewa kizazi anapitia hiyo kalenda kila baada ya joto, tofauti ni kwamba mmoja hutamwona chochote na mwingine atakusanya viatu vya nyumba nzima.

Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba ni urithi wa mababu zao walioishi porini kwa makundi, ambako jike mkubwa wa kundi ndiye anazaa na majike wengine wanamsaidia kulea, na hata kunyonyesha, sababu miili yao imeshajiandaa kwa wakati mmoja na wa kwake. Mimi ukiniuliza, ukilielewa hili tu hasira zinaisha, maana unajua kwamba huyu mbwa hafanyi makusudi na wala sio mwendawazimu.

Jirani yangu Ipagala ana jike wa kienyeji, rangi ya udongo, masikio yamesimama. Akifikia kipindi hicho anaenda chini ya simtanki pale penye ubichi anafukua mpaka mchanga unamwagika kwenye korido, alafu anaanza kukusanya, ndala ya mtoto ya upande mmoja, gunzi, soksi iliyodondoka kwenye kamba ya nguo, anajikunja anavizungushia tumbo na kuviramba kimoja kimoja. Ukinyoosha mkono kwenye ndala anaweka kidevu juu yake kwanza, ukizidi kusogea anaunguruma kwa sauti ya chini sana na mdomo unapanda kidogo upande mmoja. Mletee ugali na dagaa anaangalia pembeni. Usiku analia kile kilio chembamba. Hiyo ndiyo mimba hewa kamili, na kwa mbwa wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki 2 au 3 bila dawa yoyote.

Kinachoirefusha mara nyingi ni huruma yetu. Mtu anaona chuchu zimejaa anasema ngoja nimpunguzie maziwa, anamkamua, au anamkanda na maji ya moto. Usifanye hivyo. Huku kwetu kila anayefuga ng'ombe anajua ukitaka kumkausha unaacha kukamua, ukiendelea kukamua maziwa yanaendelea kuja, na mbwa ni hivyohivyo, chuchu ikiguswaguswa ubongo unapata taarifa kwamba kuna mtoto ananyonya na prolaktini inazidi kutolewa. Hata yeye mwenyewe akijiramba sana chuchu anajiongezea, kwa hiyo mvalishe fulana ya mtumba ya mtoto, miguu ya mbele ipite kwenye mikono, funga fundo dogo mgongoni isiburuze, ila uiangalie isimbane wala kumpandisha joto mchana. Kama matiti yamejaa mpaka anahangaika, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kinamtuliza, unaweka tu bila kusugua.

Kuna kosa lingine la hatari kwa mji kama wetu, kumnyima maji eti maziwa yakauke. Jua la Dodoma la mwezi wa 10 halina huruma na mbwa asiyekunywa anaishiwa maji mwilini haraka kuliko hayo maziwa yatakavyokauka. Maji yawepo muda wote. Chakula ndicho unaweza kupunguza kidogo, na hasa acha kumwongezea vile vitu vya mzazi, uji, maziwa, mifupa ya ziada, sababu hana watoto wa kunyonyesha na chakula kingi kinageuka maziwa.

Kuhusu vitu anavyolea, usimpokonye mbele ya macho yake. Subiri atoke kwenda kula au kutembea ndio uondoe, na kile kishimo ukifukie. Mbwa mtulivu anayelala tu na soksi yake mimi namwachia kitu kimoja siku chache, lakini anayeanza kulinda na kuunguruma, ondoa vyote, hata kama atahangaika siku moja au mbili akivitafuta. Alafu mpe shughuli. Mtoe saa 12 asubuhi kabla ardhi haijaanza kuunguza, azunguke mtaani kwa kamba, jioni tena, anusenuse, akimbie, akirudi amechoka hana muda wa kufukua. Mbwa wa machungani anayeshinda na ng'ombe ana ya kwake ya kufanya kutwa nzima, wa mjini aliyefungwa nyuma ya geti na hana lolote ndiye anayezama humo. Kumpiga hakusaidii kabisa, kunamfanya alinde zaidi.

Watoto wa nyumbani waambieni wazi wasisogelee malazi yake kipindi hiki, hata kama ni mbwa waliyekua naye. Na hapa lazima niongelee kichaa cha mbwa maana watu wanachanganya na matokeo yake ni mabaya pande zote, mbwa mzima anauawa au mgonjwa anaachwa. Mbwa wa mimba hewa ukali wake uko sehemu moja, pale kwenye vitu vyake, ukimwita getini anakuja anatikisa mkia kama kawaida. Mwenye kichaa anabadilika kote, anaweza kung'ata chochote bila sababu, udenda unamtoka, anashindwa kumeza, sauti inabadilika, miguu inalegea. Ukiwa na wasiwasi usimguse, wapigie watu wa mifugo. Na akimng'ata mtu, kwa sababu yoyote ile, jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali bila kusubiri kesho, hata kama unaamini ni mimba hewa tu.

Kabla hujatulia na jibu la mimba hewa hakikisha kwanza hana mimba kweli, maana mbwa wetu wanatoka, na dakika chache nje ya geti zinatosha. Daktari mwenye utrasaundi anaweza kuona kuanzia siku ya 25 au 30 hivi, picha ya eksirei inaonyesha mifupa ya watoto mimba ikishakuwa kubwa, kuanzia siku ya 45 kwenda mbele. Ndio maana ni vizuri kuandika tarehe ukutani siku ukiona damu ya joto, inakusaidia kuhesabu.

La pili, na hili ndilo linaua, ni usaha kwenye kizazi. Unakuja katika wiki hizohizo baada ya joto kwa hiyo ni rahisi kusema "aah ni ile mimba yake ya uongo" kumbe mbwa anaoza ndani. Dalili zake ni kunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, kulegea, kutapika, tumbo kuvimba, na usaha au uchafu wenye harufu ukeni, ila saa nyingine hakitoki kitu kwa sababu njia imefunga na huyo ndiye yuko kwenye hatari zaidi. Huyo anaenda kwa daktari siku hiyohiyo, hakuna cha kusubiri wiki 2. Vilevile titi moja likiwa gumu, la moto, jekundu, akiguswa analia au linatoa usaha, hayo sio maziwa ya kawaida tena, ni maambukizi, na hapo sasa antibayotiki ina kazi yake kwa maelekezo ya daktari.

Dawa ya mimba hewa yenyewe ipo, inaitwa kabagolini, inashusha prolaktini, na mbwa wengi wanapata nafuu ndani ya siku chache. Lakini dozi ni ndogo sana na inapimwa kwa uzito, na kama kumbe alikuwa na mimba kweli inaweza kuitoa, kwa hiyo sio ya kujinunulia na kukata kidonge kwa makadirio. Na akitapika usimpe metoklopramidi ya wanadamu, ile inapandisha prolaktini, unazidisha ulichotaka kumaliza. Sindano za uzazi wa mpango za wanawake pia nazikataa kabisa, zinaongeza hatari ya ule usaha wa kizazi, na nguvu yake ikiisha mwili unaweza kuanza mimba hewa upya.

Usidanganywe pia kwamba azae mara moja tu itaisha. Akizaa, joto linalofuata anaweza kurudia vilevile, na wewe una watoto 6 wa kutafutia nyumba. Kinachoikomesha ni kumtoa kizazi na ovari, ila muda wake ndio watu wanakosea, wanampeleka kwenye upasuaji maziwa yakiwa bado yanatoka. Projesteroni inakatika ghafla, prolaktini inabaki juu, na hali inaweza kung'ang'ania kwa muda mrefu. Subiri matiti yarudi kabisa na tabia zitulie, kwa kawaida miezi 3 au 4 baada ya joto, alafu ndio apasuliwe. Anza kwa afisa mifugo wa kata yako akuelekeze kwa daktari anayefanya upasuaji wa mbwa, na ukikwama, Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama ya kufundishia.