Sauna na pipa la barafu katika joto la Mwanza

Tangu jimu za hapa mjini zianze kuweka sauna, wagonjwa wangu wa fiziotherapia wananiuliza: jua la Oktoba lenyewe linatuunguza, ya nini kujifungia tena kwenye chumba cha nyuzi 80? Kama unaipenda, ingia. Misuli inalegea na usingizi unakuja. Ila desturi za Wafini, watu wa Finland sauna inakotoka, usizibebe zilivyo.

Mfini akitoka sauna anapokelewa na hewa baridi, pengine na theluji, na joto alilolibeba linamtoka upesi. Wewe unatokea kwenye chumba cha kubadilishia nguo kisicho na feni, nje kuna nyuzi 30. Jasho linatiririka tu, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Wakati huohuo mishipa imetanuka, damu imeteremka miguuni, presha imeshuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mzima kabisa ndani, akaja kuanguka akiinama kufunga kamba za viatu. Kabla ya kutoka, kaa benchi la chini dakika moja, miguu sakafuni, ndipo usimame.

Kwa hali ya hewa yetu mimi huwaambia watu dakika 8 hadi 10, asubuhi au jua likishazama, na kamwe si baada ya kushinda juani. Kikao kimoja kinaweza kukutoa nusu lita ya jasho, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kuingia, usingoje kiu. Bia ibaki nje. Na tusishindane: mwaka 2010 huko Heinola, Finland, fainali ya mashindano ya dunia ya sauna ilifanyika kwenye nyuzi 110, mmoja wa wawili waliobaki akafariki, na mashindano yakakoma.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za presha au vidonge vya kukojoesha: muone daktari wako kwanza.

Sasa pipa la maji baridi, la kujitosa baada ya sauna. Kuna wanaochukua barafu ya samaki soko la Mwaloni wakajaza pipa mpaka maji yanauma. Haina haja. Nyuzi 15 ni baridi ya kutosha, na kwa anayeanza hata 20 zitamshtua, maana maji ya simtanki tuliyoyazoea yameshapashwa na jua. Hatari iko dakika ya kwanza: pumzi inakatika, unahema bila kupenda, moyo unaenda mbio. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, unayavuta mapafuni. Oga kwanza, pumzika kidogo, ingia kwa miguu, shika ukingo, kichwa kibaki juu hadi pumzi itulie. Dakika mbili zinatosha, na awepo mtu karibu.

Wengine wanaona pipa la nini wakati ziwa liko hapo. Kwanza, Victoria si baridi, maji ya juu yanacheza kwenye nyuzi 25. Pili, ni kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa ufukweni vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zilezile unazotamani kujitosa. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Kama umeshaoga ziwani, ukipima kesho yake majibu yanaweza kuonyesha huna kitu. Nenda baada ya wiki sita hadi nane. Ukikutwa nacho, dawa yake ni praziquantel, na kipimo chake hufuata uzito wako.